Mkia Uliokuwa wa Zsombor

Mimi na Etelka tunapakana ukuta kwa ukuta hapa Karcag, mji mdogo wa nyanda za Hungaria, tangu tulipoolewa, kwa hiyo asije mtu kuniambia kuwa jirani yangu ana roho mbaya. Wapo wanaosema hivyo. Wengi wao wamekula nyama yake kila Januari na hawajawahi kuikataa.

Alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Siku moja aliteleza kwenye sakafu ya jiko hilo akiwa na sufuria ya supu mikononi. Supu haikumwagika, ila nyonga yake ilivunjika, na tangu hapo anachechemea. Mumewe, Dezső, alikuwa fundi wa reli, mtu mpole ambaye hata akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Watoto hawakujaliwa. Walichojaliwa ni Zsombor, mtoto wa dada yake Dezső. Dada huyo alimfuata mwanamume Austria akamwacha mtoto kwa Etelka, akisema atarudi baada ya wiki mbili kumchukua. Mtoto akaota meno, akaota ndevu, mama yake hajarudi. Aliyemlisha, kumwogesha, kukesha kando ya kitanda chake akiwa na surua, ni Etelka. Mtoto alimwita Mama Etel, na mtaa mzima tulimjua kama mtoto wa Etelka.

Sasa hapa kwetu kuna jambo moja ambalo halina mchezo. Ukichinja nguruwe wako wakati wa baridi, kabla hujakaa mezani unapeleka kionjo. Soseji kidogo, mafuta yaliyokaangwa yakakauka, kipande cha nyama ya kichwa, vyote kwenye sahani moja, unampelekea kila ndugu na kila jirani. Hata uliyenuniana naye unampelekea. Mimi na Etelka tuliwahi kunyamaziana mwaka mzima kwa ajili ya mti wake wa plamu uliokuwa ukichafua uwanja wangu, na bado sahani ilikuja. Aliniletea kanuna, nikaipokea nimenuna, tukala. Kumruka mtu kwenye kionjo ni kumwambia kwamba kwako ameshazikwa. Na mkia wa nguruwe hauwekwi kwenye sahani ya mtu yeyote, kwa sababu ni wa mtoto wa nyumba. Mkia wa nyumba ile ulikuwa wa Zsombor. Hata alipohamia Budapest, akawa mwanamume mzima mwenye skafu shingoni, mkia ulimfuata kila mwaka ukiwa umekaushwa kwa moshi na kufungwa kwenye kifurushi chake.

Kazi yake huko mjini ni kutembeza wageni. Hauzi tiketi. Watu wanakusanyika uwanjani, wengi ni watu wa mikoani kama sisi, yeye anawazungusha mitaani akiwasimulia habari za mji na kuwachekesha, na mwisho kila mmoja anatia kwenye kofia anachoona kinafaa. Ndiyo matembezi ya wasio na kitu, na chama chetu cha wastaafu kilikwenda huko vuli moja. Mimi sikwenda, miguu ilikuwa imevimba. Alikwenda Rozália wa mtaa wa pili, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata akilala.

Aliporudi alikuja jikoni kwangu, na Etelka naye alikuwepo, amekuja kuomba hamira.

"Jamani, mngemsikia yule kijana," Rozália alisema. "Mbavu zangu mpaka leo. Tumesimama pale kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, ile kuukuu ya njano. Anatusimulia habari ya mama mmoja wa shamba aliyekuja mjini na bata bukini mzima kwenye kikapu. Bata anatoa kichwa ndani ya treni. Mkagua tiketi anakuja. Huyo mama anasimama, anachechemea hivi, anasema kama tunavyosema sisi huku: 'Bwana, na huyu ndugu yangu nimemkatia yake, sisi si wezi.' Na tiketi ya bata anayo kweli mkononi."

Nilimtazama Etelka. Rozália amehamia kwetu juzi, alikuwa hajui. Mimi nilijua, kwa sababu bata yule nilisaidia kumfunga miguu.

"Na huyo mama ni nani?" Etelka aliuliza taratibu.

"Hata si mtu wao! Mfuaji tu. Anasema alikuwa mama fulani aliyekuwa akiwafulia nguo zamani."

Etelka alicheka pamoja naye. Kisha akaenda zake na hamira akaiacha mezani.

Ukweli wa bata ni huu. Zsombor alikuwa mwanafunzi, mwenye nyumba alitaka kumfukuza chumbani katikati ya baridi kwa sababu ya sinki alilolivunja. Akapiga simu analia. Etelka, na nyonga yake hiyo, akapanda treni na bata wake mnono kuliko wote kwenda kumlainisha yule mama mwenye nyumba. Akalainika, na kijana akabaki chumbani. Hiyo sehemu ya sinki na machozi naona haichekeshi watu, ndiyo maana haisimulii. Shukrani ya punda ni mateke, wazee hawakukosea.

Nilimpelekea hamira yake jioni ile ile. Nilimkuta anamenya viazi, anakata nyama ya kiazi pamoja na ganda.

"Wacheke," aliniambia. "Nachechemea, kweli. Bata nilimkatia tiketi, kweli. Na nguo zake nilizifua, Piroska, hilo nalo ni kweli, tangu za kukojolea. Lakini mimi mfuaji?"

"Mpigie simu umtukane roho itulie."

"Simu ni ya siri. Yeye kanikana mbele ya watu."

Hakulisema tena hadi Januari. Nguruwe alichinjwa, sahani zikazunguka mtaa mzima, yangu ikafika ya moto. Kifurushi cha Zsombor hakikuondoka. Dezső alikuwa ameshasimuliwa ile habari ya bata, akafikiri mkewe ameisamehe, kwa maana yeye angesamehe kabla hajamaliza kusikia. Alimuuliza kuhusu kifurushi.

"Mwaka huu nitakipeleka mwenyewe," Etelka alisema. "Tutakwenda wote, tuutembee mji. Si ulitaka kuwaona simba?"

Dezső alikuwa ametengeneza mabehewa yanayokwenda Pest, yaani Budapest, maisha yake yote, na Pest yenyewe hakuijua zaidi ya karakana na stesheni. Alikuwa na hamu moja tu, kuwaona simba wa mawe wa Daraja la Minyororo. Watu husema mchongaji aliwasahaulia ndimi, wengine husema wanazo ila hazionekani mpaka upande juu. Amebishana jambo hilo karakanani tangu ujana. Akafurahi, maskini, akaenda kupiga viatu rangi.

Usiku wa kuamkia safari hakulala fofofo, alijua mkewe hasafiri kwa ajili ya simba. Asubuhi kwenye treni alithubutu.

"Mama, utamsema kidogo tu, siyo?"

"Sitamsema hata neno. Nitamuuliza swali moja, pale pale mbele ya wale anaowachekesha. Mimi ni nani wake. Akijibu, atakula mkia wake hapo hapo na mimi nitamfutia mdomo. Asipojibu, asahau njia ya Karcag. Alichonifanyia ndicho nitakachomfanyia, sizidishi wala sipunguzi."

"Ni mtoto."

"Mtoto ana mvi masikioni."

Walipanda ile treni ya polepole inayosimama kila kijiji, maana sisi tuliofika umri tunapanda bure lakini ile ya haraka ina nyongeza yake. Walibeba mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na chakula chao, mkate na nyama za kukaanga zilizopakwa mayai na chenga za mkate, pilipili za siki, chupa ya maji ya kujaza bombani. Kula mgahawani hawakufikiria. Wa pili ulikuwa wa kahawia, mzito, unanukia moshi hadi abiria wakageuka. Dezső alipotaka kuuchungulia alipigwa kofi mkononi.

"Huo si wa njiani," Etelka alisema.

Kikundi kilikuwa kimekusanyika kwenye uwanja wa Vörösmarty, watu wengi, wamejifunga makoti. Etelka alikuwa amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akasimama nyuma ya bwana mmoja mrefu kutoka Pécs aliyekuja na mkewe na binti yao mdogo. Dezső alijificha nyuma ya Etelka. Zsombor alikuja na kofia yake na skafu yake, anatabasamu, anawauliza watu wametoka wapi, na kila mji una kichekesho chake. Ni hodari, hilo hata Etelka alikubali aliponisimulia. Alisema alijisikia fahari kwa muda mfupi, na fahari hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Kisha wakafika kwenye ngazi za treni ya njano, na bata wa hadithi akatolewa kikapuni.

Zsombor alimwigiza yule mama kila kitu. Alitupa nyonga upande, akavuta mguu, akainua sauti kwa lafudhi yetu ya nyanda, akashika tiketi ya bata kwa vidole viwili. Watu walicheka wakashikana mabega. Yule binti wa Pécs alichechemea naye, akimfuatisha. Etelka alingoja hadi kicheko kikaisha chenyewe.

"Kijana," alisema kutoka nyuma, "huyo mama alikuwa nani wako?"

Aliivua kofia ya sufu. Zsombor alimwona, akamwona na Dezső nyuma yake, na rangi ikamtoka usoni. Dezső aliniambia kwamba hapo aliomba Mungu kimoyomoyo, maneno mawili tu, mwambie, mwambie. Jibu lilikuwa fupi. Mtoto wa miaka mitatu angelitoa.

Zsombor alitazama watu. Walikuwa bado na tabasamu, wanasubiri kichekesho kingine.

"Ah, bibi," alisema, na akacheka kidogo, "hiyo ni hadithi tu. Alikuwa mfuaji wetu. Twendeni, jamani, tusipoteze muda."

Bibi. Alimwita kama unavyomwita mtu unayempisha kiti kwenye tramu.

"Nimesikia," Etelka alisema. "Basi ngojeni kidogo. Hamjaonja."

Akauweka mfuko wa kahawia kwenye ukuta mfupi wa ngazi, akatandika kitambaa, akaanza kutoa. Soseji za moshi alizokwisha kuzikata. Mafuta yaliyokaangwa. Nyama ya kichwa iliyoganda vizuri. Mkate wake mwenyewe. Akawapa mmoja mmoja kwa mkono wake, akimuuliza kila mtu ametoka wapi.

"Mimi Pécs."

"Karibu, Pécs. Chukua na pilipili."

"Mimi wa Szeged, mama. Hii mmechinja lini?"

"Januari. Nguruwe wangu mwenyewe, alikuwa na adabu kuliko watu wengi."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimehamia upande wake. Walikula kwa vidole, wakasifu, wakaramba. Alimpa Dezső fungu lake, akalipokea bila kuinua macho. Zsombor alikuwa amesimama ngazi moja chini na kofia mkononi. Hakuna aliyemtazama, mpaka mama mmoja mzee wa Szeged akamwona.

"Na kijana wetu je? Mbona hukumpa?"

"Sisi huku kionjo tunapeleka kwa ndugu na majirani," Etelka alisema, na sauti hakuipandisha. "Ninyi mmesimama nami, ni majirani zangu. Yeye anasema mimi ni mfuaji wake. Mfuaji hana ndugu hapa."

Wale ni watu wa mikoani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama wa Szeged alimtazama Etelka mguu, akamtazama Zsombor, akaacha kutafuna. Bwana wa Pécs alimwambia binti yake kwa sauti ya chini aache kuchechemea.

Mwisho kabisa Etelka alitoa kitu kimoja kilichofungwa peke yake. Zsombor alikijua kabla hakijafunguliwa, kwa sababu aliinua mkono. Aliuinua kidogo tu, kama alivyokuwa akiuinua mezani utotoni, halafu akaushusha.

"Huu mkia ni wa mtoto wa nyumba," Etelka alisema. "Mwaka huu nyumba yangu haina mtoto. Njoo, binti, chukua."

Binti wa Pécs aliupokea kwa mikono miwili akasema ahsante. Etelka alikunja kitambaa, akakiweka mfukoni, akamshika mumewe mkono.

"Sasa tuone mji," alisema.

Na waliuona, Mungu wangu. Alimkokota Dezső kila mahali pasipolipiwa. Walipanda tramu ya kando ya mto Danube ikawapeleka mwisho, wakageuka nayo ikawarudisha, ili walione Bunge kutoka pande zote. Walipanda kilima cha Kasri kwa miguu, nyonga na yote, wakaketi kwenye benchi lenye upepo wakala nyama zao za kukaanga. Walijaza chupa bombani. Etelka alisifu kila kitu, madirisha, vigae, hata njiwa. Hakuwahi kuwa mchangamfu vile, na mumewe hakuwahi kuwa kimya vile.

Darajani walisimama chini ya simba.

"Haya, tazama," Etelka alisema. "Umebishana miaka yote. Ana ulimi au hana?"

Dezső alitazama chini, kwenye maji.

"Hana," alisema, bila kuangalia.

"Basi kamzidi mpwa wako akili."

Walirudi stesheni ya Nyugati mapema, maana treni ya polepole haingoji. Walikuwa wameshafika kwenye mlango wa behewa lao Zsombor alipotokea akikimbia, bila skafu, bila kofia. Alijua watapanda treni ipi. Ameipanda yeye mwenyewe miaka mingi, na mfuko wa nguo chafu kwenda, na safi kurudi.

"Mama," alisema. Pumzi zilikuwa zimemwishia. "Mama Etel."

Etelka alimtazama kwa utulivu. "Mfuaji kapata jina."

"Watu walikuwepo, Mama. Ndiyo kazi yangu ile. Ningesema nini mbele yao?"

"Na sasa hawapo, ndiyo maana unasema. Mbele ya watu mimi bibi, pembeni ya treni mimi mama. Mama wa kichochoroni sitaki kuwa."

Alimgeukia mumewe apande, ndipo akaona doa la mafuta kwenye mfuko wa koti lake. Koti zuri, la kanisani.

"Una nini humo, mzee?"

Dezső alitoa kitambaa cha karatasi, akakifungua. Ndani mlikuwa na soseji na kipande cha mkate, fungu lake lote la pale ngazini, halijaguswa. Alikuwa amelibeba mji mzima, tramuni, kilimani, darajani.

"Hili nilipewa mimi," alisema. "Changu naweza kumpa nimtakaye." Dezső hakuwa amewahi kumjibu mkewe namna hiyo maisha yao yote.

"Ulipewa ule," Etelka alisema. "Basi kula."

"Mama."

"Mimi ndiye niliyekanwa, siyo wewe. Ukimpa, umenikana na wewe. Kula."

Zsombor alisimama pale, mtu mzima mwenye mvi masikioni, anakitazama kile kitambaa. Dezső alimtazama, akamtazama mkewe, kisha akaanza kula. Alikula amesimama mlangoni mwa behewa, polepole, na machozi yakimshuka mpaka kwenye mkate, na Etelka alisimama kando yake hadi akameza tonge la mwisho. Halafu alimpangusa mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe, wakapanda, na treni ikaondoka.

Yote haya kanisimulia yeye, na Dezső kanisimulia upande wake, na hawakutofautiana hata kwa neno. Zsombor bado anatembeza wageni. Rozália, aliyekwenda tena, anasema hadithi ya bata siku hizi haimo. Barua zake huja, Etelka huwashia jiko. Kila Januari anachinja, na kila Januari sahani yangu inafika ya moto, na mkia unabaki ukining'inia kwenye kibanda cha moshi mpaka unakuwa mgumu kama kuni, halafu anampa mbwa.

Mwaka huu aliniletea sahani akaegemea ukuta, akaniuliza kile ambacho huniuliza kila mwaka.

"Piroska, nilikosea?"

"Hukukosea," nilimwambia, na ndivyo ninavyoamini.

"Najua," alisema.

Akarudi ndani kumpikia mumewe supu ya viazi, kwa sababu Dezső, tangu siku ile, hali nguruwe.